Tumsifu Epsiloni

Wapo wanaomsifu bibi harusi, wapo wanaomsifu mbunge. Mimi leo namsifu epsiloni, herufi ya Kigiriki iliyopinda kama ndoana, mtawala wa somo ambalo wanafunzi wa hisabati hulitaja kwa sauti ya chini kama watu wapitao makaburini: uchanganuzi halisi. Kule vimbwetani chuoni tuliliita riali tu, na aliyeuliza riali ni nini aliachwa ajionee.

Somo hili halina majivuno. Katika wiki za mwanzo mhadhiri wetu alijaza ubao mzima akithibitisha kwamba sifuri ni ndogo kuliko moja. Hoja ni tamu, sikatai. Tuseme moja iko chini ya sifuri. Basi hasi moja iko juu yake. Zidisha hasi moja kwa yenyewe, jibu litakuwa juu ya sifuri, na jibu lenyewe ni moja. Umejikamata! Likizo nikamsimulia mama, ambaye huuza maandazi. Akageuza andazi kwenye karai, akasema, "Mwanangu, na hilo nalo serikali inawakopesha?"

Tumrudie mtukufu wetu. Epsiloni ni namba yoyote iliyo juu ya sifuri, na kazi yake ni ubishi. Unadai mfuatano wako unakaribia kikomo. Anauliza: kwa umbali gani? Mdogo. Mdogo kuliko mimi? Ukimridhisha, anajipunguza na kuuliza upya. Mtoto wa miaka minne akikuandama kwa "kwa nini" mwishowe husinzia, epsiloni hasinzii.

Wakubwa pia aliwatia adabu. Mwaka 1821 Cauchy, bingwa wa Paris, alichapisha kwamba ukijumlisha fanksheni zisizokatika, hata zikiwa nyingi bila mwisho, alimradi jumla ipo, nayo haikatiki. Mwaka 1826 Abel wa Norwe akaonyesha jumla inayokatika. Sijui faraja kubwa kuliko hii kwa mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio. Kisha akaja Weierstrass, mwalimu wa sekondari kwa miaka mingi, aliyefundisha hata mazoezi ya viungo, na ndiye anayetajwa kumkalisha epsiloni kwenye kiti anachokalia leo. Tarehe 18 Julai 1872 aliiletea Akademia ya Berlin mchoro usiokatika popote lakini usio na mteremko wa kupimika hata kwenye nukta moja. Barabara yenye matuta juu ya matuta, na ndani ya kila tuta matuta mengine. Wenzetu wa Ulaya walishangaa. Abiria wa daladala asingeshangaa.

Ila utamu wote uko kwenye uthibitisho wa kwamba mraba wa x haukatiki pale x ilipo 3. Mhadhiri aliingia, hakusalimu, akaandika: chukua delta, umbali x inaoruhusiwa kuwa kutoka 3, iwe ile ndogo kati ya 1 na epsiloni gawanya kwa 7. Saba imetoka wapi? "Mtaiona mbele," akasema. Mbele tukaiona ikifanya kazi yake kama fundi aliyeitwa tangu jana, na uthibitisho ukafungwa kwa kimraba cheusi. Nilichelewa sana kujua kwamba kila mwanahisabati ana karatasi ya siri anakohangaika kinyumenyume kabla ya kuja mbele ya watu akiwa amechana nywele: x ikiwa karibu na 3 kwa chini ya hatua moja, basi x ukiongeza 3 haifiki 7. Basi. Ndiyo saba yenyewe.

Mimi wakati ule niliikariri. Niliandika saba kwenye desa, nikaipigia mstari, nikalala usingizi mnono. Mtihani ukaja, na swali halikuwa la 3, lilikuwa la 4. Nikaandika saba. Ilitakiwa tisa. Nikadaka sapu.

Sapu ilipofika, swali lilikuwa la 2, ambapo tano ingetosha. Nikaandika saba ileile, mkono ukitetemeka. Nikapata alama zote. Kumbe epsiloni ana ukarimu wake: delta ikizidi kuwa ndogo kuliko inavyohitajika, hadai maelezo.