Heko, Kosa la Milimita 21

Waandishi wa sifa wameshawamaliza wafalme, mabingwa wa ndondi na wagombea ubunge. Aliyesahauliwa ni kosa la skeli katika bodi ya faiba ya modeli ya manowari: lile jambo dogo ambalo mnunuzi huligundua jioni ileile anapofungua sanduku, futi kamba mkononi. Leo nasimama kulisifu, na nitaanza na nasaba, kama adabu ya sifa inavyotaka.

Kosa hili lina ukoo. Babu yake ni mchoro uliodurufiwa kutoka nakala ya nakala, mpaka mistari ikarefuka upande mmoja. Bibi yake ni mfano wa mbao, uliochongwa kwa kufuata mchoro huo na fundi aliyekuwa na wateja wengi mlangoni. Mfano ukapakwa nta, ukafunikwa kwa nyuzi za glasi na rezini, ukazaa kalibu. Kalibu ikazaa bodi. Na rezini ya poliesta, ambayo husinyaa inapokauka, nayo ikatia mkono wake. Kisha akaja mfanyabiashara wa pili, asiyependa kuchonga. Akainunua bodi hiyo, akaitolea kalibu yake mwenyewe, na kosa likapata wajukuu bila hata posa.

Matendo yake yaonekane kwa SMS Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikaenda kujificha katika delta ya mto Rufiji, na ikaangamia humohumo tarehe 11 Julai 1915. Urefu wake ulikuwa mita 115.3, upana mita 13.2. Kwa skeli ya 1:100, mwanafunzi wa darasa la tano anamaliza hesabu kabla hujavuta kiti: sentimita 115.3 kwa 13.2. Mambo yakiwa mepesi namna hiyo, nani atajifunza kitu?

Kwa bahati njema, Königsberg ilikuwa na wenzake watatu wa daraja lake: Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Zote zilikuwa na dohani tatu, na kwa mbali ungeziita pacha. Mwenye kalibu huchonga bodi moja, akaiuza kwa majina manne. Ila wale watatu walikuwa na urefu wa mita 117.4, na katika tofauti hiyo ndipo anapozaliwa shujaa wetu: milimita 21 za ziada. Wenye tamaa ya makuu zaidi huchanganya skeli ya 1:100 na ile ya Kiingereza ya 1:96, inchi moja ya nane kwa kila futi, ambapo Königsberg hufikia sentimita 120. Hilo ni kosa la watu wenye nafasi. Hutaliona kwenye meza ndogo.

Sasa faida zake. Ya kwanza ni elimu. Aliyepata bodi sahihi huipiga rangi, akaiweka kabatini, na akiulizwa meli hiyo ilikuwaje, hujibu kwamba ilikuwa ya kijivu. Aliyepata bodi yenye kosa hana raha hiyo. Inambidi ajue kwamba urefu wa mita 115.3 ni wa ncha hadi ncha, na kwamba kwenye mstari wa maji ulikuwa mita 114.8. Inambidi atafute michoro ya meli ilivyo ikikatwa vipande, taruma kwa taruma, akate violezo vya kadibodi, avibandike ubavuni mwa bodi na kutazama mwanga unaopenya. Baada ya wiki chache anaijua Königsberg kuliko mabaharia wengi waliolala ndani yake, maana wao hawakulazimika kuipima.

Ya pili, kosa hufichua siri za ufundi. Omo ya Königsberg ilitokeza mbele chini ya maji kuliko juu sitahani, kwa mtindo wa manowari za zama zile. Bodi yenye omo ya namna hiyo haitoki kwenye kalibu ya kipande kimoja, kwa kuwa pua hunasa. Fundi ana njia mbili: kutengeneza kalibu ya vipande viwili na kukesha akivilinganisha, au kuinyoosha omo kidogo na kulala mapema. Ukiiona modeli yenye omo iliyonyooka, umejua saa aliyolala aliyeitengeneza.

Ya tatu ni ujasiri. Milimita 21 haziondoki kwa kukemewa. Unachukua bodi mpya, uliyoilipia pamoja na ushuru na usafiri, unaifunga kamba ili isitanuke, kisha unaikata katikati kwa msumeno, pale ambapo ubavu umenyooka zaidi. Unaondoa pete ya milimita 21, unasogeza vipande, unavishika kwa mataruma ya mbao yaliyokatwa kwa violezo vilevile. Ndani unakwangua, unapangusa, unabandika kitambaa cha glasi kwa epoksi, ambayo hushika vizuri juu ya poliesta kuukuu. Nje unapaka pati, unapiga msasa, unapaka tena. Vumbi la faiba huwasha kuliko upupu, na asiyevaa barakoa hubeba sehemu ya meli kifuani. Anayepita mlangoni akauliza kama hiyo si ile bodi iliyofika juzi, mjibu kwamba ndiyo, na kwamba ilifika ikiwa ndefu mno. Hataelewa, lakini hatauliza tena.

Wapo maadui wa kosa wasemao kwamba usahihi ndio wenye heshima, na hoja yao ipo Rufiji. Kwa skeli ya 1:100, milimita moja ni sentimita 10 za meli halisi, na katika mikondo ya delta ile kina ndicho kilichoamua nani aingie. Königsberg, iliyohitaji maji ya zaidi ya mita 5, iliweza kupanda mtoni. Meli kubwa za Waingereza zilibaki nje baharini, mpaka zikaletwa HMS Severn na HMS Mersey, zilizobuniwa kwa ajili ya mito. Hoja ni nzuri. Ila wao walikuwa vitani. Sisi tuko kwenye bwawa la bustani.

Na bwawani ndiko kosa linakoonyesha huruma yake. Fundi mwerevu huongeza upana kwa makusudi. Bodi ya milimita 132 ikifanywa 140, na uzito ukabaki uleule wa kilo tatu na kitu, uthabiti utokanao na upana huo hukua kwa karibu moja ya tano. Unahitajika, maana upepo haukubali kupunguzwa kwa skeli: upepo wa kilomita 10 kwa saa huisukuma modeli ya 1:100 kama ambavyo upepo wa kilomita 100 kwa saa ungeisukuma meli yenyewe. Mpenda usahihi aliyerudisha kila kitu kwenye milimita 132 huiona manowari yake ikilala ubavu mbele ya bata. Basi hutia risasi chini kuisimamisha, meli ikazama kupita mstari wake wa maji, na sasa ana kosa jipya, la kwake mwenyewe, asiloweza kumwandikia mtu barua ya malalamiko.

Kwa hiyo, enyi wenye kalibu, msitubu. Bodi sahihi iuzeni kwa bei yake. Ile yenye kosa ipandisheni, kwa kuwa mnunuzi anachukua bodi pamoja na ada ya shule.