Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Nyoka Bila Kuwajua

Mto Tana ukifurika, nyoka hukimbilia pakavu, na pakavu pa kijiji cha Hewani ndipo penye nyumba za watu. Hapo mjuzi hutafutwa. Kwa nini asiwe wewe?

1. Fika umechelewa. Nyoka aliyekwisha kuuawa habishi, na kichwa kilichopondwa ni neema: ushahidi umeharibika, wala si kwa mkono wako.

2. Kunja uso, uliza, "Mlimkuta wapi?" Jibu lolote, itikia "Nilijua." Akiwa mfupi, mnene, mwenye mabaka, mwite bafe. Huenda ni yule chatu mdogo wa mchangani, asiye na sumu, ambaye Ulaya na Marekani watu humnunua wamfuge. Bafe ana kichwa kipana na shingo iliyobana. Huyu wa mchangani kichwa na shingo havitengani, macho ni kama punje, mkia mfupi. Lakini kukagua yote hayo ni mpaka uiname, nawe una heshima zako.

3. Chatu mkubwa ndiye mtaji wako. Kenya wapo wa aina mbili, Python sebae na Python natalensis, na kuwatenganisha ni kazi ya kusoma magamba ya kichwani. Wataalamu wenyewe waliwahesabu kuwa spishi moja kwa miaka mingi. Basi tamka kwa upole: "Huyu ni chotara." Nani atakubishia? Hakuna atakayebeba kipande cha ngozi kwenda maabara. Kijana mwenye simu akitaka kujua mama ni yupi na baba ni yupi, mwambie harusini hukualikwa.

4. Ukikosea swila, umekosea na wakubwa. Swila mkubwa wa kahawia wa pwani alidhaniwa muda mrefu kuwa ni swila shingo-nyeusi wa rangi nyingine tu. Mwaka 2007 ndipo wataalamu wa nyoka Wüster na Broadley walipomtangaza kuwa spishi ya peke yake, Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken, Watamu.

5. Akiwa hai, kumbuka ghafla kwamba goti linakuuma.

Ila nyoka akitema sumu machoni au akiuma, ubingwa weka kando. Macho yaoshwe kwa maji mengi. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba. Atulizwe, akimbizwe hospitalini Ngao. Na wewe, tafadhali, usimpotezee muda kwa kubahatisha jina.