Pesa ya Nyanya Yafungwa Saa Tatu

Simu yenyewe ilinunuliwa kwa ajili ya masomo. Binti yetu, mwenye miaka 12, alikuwa ameingia Gredi ya 7, na kazi za shule zilikuwa zimeanza kuhitaji intaneti. Baba yake aliporudi nayo kutoka Kitale alikuwa ameshakata shauri: mtoto haishiki mpaka iwekewe ulinzi. Nilimuunga mkono, na bado namuunga mkono. Sisi wa Kapsokwony tunaishi juu mlimani, lakini uchafu wa mtandaoni haushindwi na mwinuko.

Kuiweka sawa kulituchukua jioni nzima. Aliyetuuzia alikuwa ameshafungua akaunti kwa mwaka wa kuzaliwa wa mtu mzima, ili simu ianze kazi haraka. Google humruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuwa na akaunti ikiwa mzazi anaisimamia. Umri ukidanganywa, simu inamhesabu mtoto kuwa mtu mzima. Ikabidi tufute kila kitu, tufungue akaunti upya kwa tarehe ya kweli, na baba apakue programu ya usimamizi, Family Link, kwenye simu yake. Maelezo ya kuridhia tuliyasoma hadi mwisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi aridhie kabla data za mtoto hazijatumiwa, nami sikutaka kuridhia jambo nisilolijua. Tukakubaliana: hakuna programu mpya bila idhini ya baba, tovuti chafu zizuiwe, na kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri simu ilale. Jumbe za mtoto programu hiyo haizisomi, na naona ni sawa. Mambo ya jumbe tunayazungumza naye jikoni.

Sasa, simu ile ilikuwa na nafasi ya laini mbili. Kabambe ya mama mkwe wangu ilikuwa imekataa kuchaji, na laini yake ndiyo hupokea pesa ya maziwa, maana ng'ombe ni wake. Laini ikahamishiwa kwa mjukuu, kwa muda tu. Muda huo ukawa muhula mzima.

Usiku mmoja wa mvua, ng'ombe alianza kuhangaika. Nilipommulika, ubavu wa kushoto ulikuwa umejaa kama ngoma; alikuwa ameingia kwenye majani machanga yaliyolowa. Ng'ombe aliyevimba hivyo hasubiri asubuhi, kwani gesi hubana pumzi. Nikampigia mwenye duka la dawa za mifugo pale mjini. Akasema dawa anayo na bodaboda yupo, ila nitume pesa kwanza. Yangu ilikuwa imeishia kwenye mahitaji ya shule. Mama akaomba simu yenye laini yake.

Ilikuwa imepita saa tatu.

Simu ikatuonyesha kufuli. Programu ilifanya kile ilichoagizwa, lakini aliyeiagiza alikuwa amelala Kitale na simu yake imezimwa. Mwenye duka alipopiga kuuliza kulikoni, binti aliweza kupokea, kwa kuwa simu iliyofungwa hivyo bado hupokea. M-PESA ndiyo haikufunguka.

"Nani amefunga pesa yangu?" Mama akauliza, akitutazama kwa zamu.

Nikakimbia kwa jirani kuazima kabambe yake. Menyu ya M-PESA inakaa kwenye laini yenyewe, kwa hiyo simu yoyote ingetosha. Kumbe laini ilikuwa imemegwa iwe ndogo, na kabambe inataka kubwa! Binti akatoweka chumbani, akarudi na mkebe wake wa jiometri. Ndani, kati ya bikari na kifutio, alikuwa ametunza ile fremu ya plastiki ambamo laini ilitolewa. Mama akaingiza namba yake ya siri chini ya shuka lake, pesa ikaenda, bodaboda akapanda matopeni. Hadi saa sita ng'ombe alikuwa anacheua.

Baba alirudi kesho yake, tukaketi sote. Programu ile inafikiria mtoto mmoja na simu yake. Kwetu simu ni ya nyumba nzima, ina maziwa ya nyanya, ina shule, ina wagonjwa. Kwa hiyo kabambe ikanunuliwa betri mpya na laini ikarudi kwa mwenyewe. Nami nikaongezwa kama mzazi wa pili, ili kufuli isitegemee mtu mmoja. Saa tatu tukaiacha palepale. Binti hakupinga, ila aliomba simu ya baba nayo ilale saa hiyohiyo, na nyanya yake akasema ombi hilo ni la haki. Baba amekubali. Siku za mechi bado tunazijadili.