Sifa za Tope la Daudi

Wenye fedha huwapeleka watoto kuitazama barafu ya Kilimanjaro kabla haijakwisha. Wana haki ya kuharakisha. Mmisionari Rebmann aliiona mwaka 1848, na alipoisimulia, wapo wataalamu wa London waliomcheka. Leo inayeyuka mbele ya macho yetu. Tope la Mbulu halina tabia hiyo. Hurudi kila masika, kwa wakati wake, kama mdai.

Sisi tulikuwa tukienda Daudi, wilayani Mbulu, ukweni. Lami ilitufikisha Karatu, ikatuaga. Maporomoko ya maji watoto waliyaona njiani bila kiingilio: kila mtaro uliteremka mlimani ukinguruma, na mmoja ukakata barabara mbele yetu.

Na tope lenyewe ni la ukoo. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, wakaziezeka kwa udongo, ili Mmasai aliyefuata ng'ombe apite asijue kuwa chini yake kuna watu. (Silisemi lile lililoporomoka Mlima Hanang Desemba 2023, likaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani. Lile ni msiba, mzaha haulifikii.)

Tazama sasa tope la Daudi linavyofundisha. Gari liliponasa, mke wangu alisema tutafute mawe ya kuweka chini ya tairi. Nikamjibu kwamba dereva ni mimi. Tope likanyamaza, likangoja nikanyage mafuta, likatuzamisha hadi ekseli. Nikaenda kutafuta mawe.

Tena hulisha watu. Vijana walitokea na majembe, wakavitazama viatu vyangu, ndipo wakataja bei. Viatu vile nilikuwa nimevipiga kiwi kwa ajili ya mama mkwe. Tope likachukua cha kushoto. Kiko huko hadi leo.

Nikaingia ukweni pekupeku, suruali imekunjwa, miguu myekundu hadi magotini. Mama mkwe akatoka na beseni la maji ya moto. Akanitazama, akamtazama binti yake, wakacheka na kusemezana Kiiraqw. Kiangazi kilichotangulia nilikuja na gari linalong'aa, nikanywa chai, nikageuza siku ileile.

"Safari ile ulipita, baba," akaniambia. "Leo umefika. Kaa."

Tulikaa siku nne. Mvua haikukatika, na tope halikutaka kusikia habari za kuondoka.