Shangazi Ajibu: Kisu Mfukoni, Balaa Nyumbani

Wiki hii meza ya Shangazi imejaa barua za kisu cha kukunja, kile kinachokaa mfukoni pamoja na funguo na chenji. Mapenzi yamewekwa kando kidogo, ingawa barua ya kwanza inaonyesha kwamba hayako mbali.

Mke Mvumilivu, Mbagala, analalamika kuwa mumewe haachani na kisu chake. Asubuhi hufungulia pakiti ya maziwa, mchana hukatia waya wa taa, jioni hukifuta kwenye suruali na kuwamenyea watoto machungwa. Akiambiwa jikoni kuna visu vitatu, hujibu kwamba havikati.

Shangazi anaona kesi hii ina washtakiwa wawili. Kuhusu visu vya jikoni, mume amesema kweli. Kisu butu huteleza juu ya ganda la nyanya, mkono huongeza nguvu, na kikiteleza tena kinachokatwa ni kidole. Basi badala ya kujisifia chake, avinoe hivyo vitatu. Kinoo kikikosekana, apindue kikombe cha kauri: ule mduara wa chini usiopakwa rangi hunoa vizuri, mradi kisu kilazwe kwa pembe ya kama digrii 20 na pande zote mbili zipewe haki sawa.

Kuhusu suruali, hana utetezi. Uchafu wa kisu cha kukunja hujificha kwenye mfereji wa mpini, pale bapa linapolala, na hakuna suruali inayofika huko. Kifunguliwe, kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisuguliwe kwa mswaki mkuukuu, kikaushwe kabla ya kukunjwa, kisha kiungo kitiwe tone la mafuta ya kula. Waya wa taa aukate kwa koleo, tena akishazima swichi kubwa ya nyumba.

Mpwa, Leicester, amenunua Opinel namba 8, kisu cha Kifaransa chenye mpini wa mbao. Anapenda kukatia tufaha saa ya mapumziko na anauliza kama anaweza kutembea nacho.

Joseph Opinel alianza kutengeneza visu hivyo huko Savoie mwaka 1890. Pete ya kufungia bapa iliongezwa mwaka 1955 ili lisije likajikunja juu ya vidole vya mtumiaji. Jambo jema kabisa, ila sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inalitazama kwa jicho jingine. Mtu anaruhusiwa kutembea hadharani bila kuulizwa sababu akiwa na kisu cha kukunja kisichozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mahakama nazo zikaamua kwamba chenye kufuli hakimo katika ruhusa hiyo, kiwe kifupi namna gani. Bapa la namba 8 lina sentimita 8.5, na kufuli ndiyo ile pete. Mpwa ameanguka mitihani miwili kwa kisu kimoja.

Mwenye sababu ya msingi, kama fundi anayekwenda kazini na zana zake, ana la kumweleza polisi. Kisu kikae jikoni kwake. Tufaha aling'ate.

Aliyenyang'anywa, Mwanza, alizawadiwa kisu chekundu cha Uswisi na baba mkwe. Kimechukuliwa uwanja wa ndege kwa sababu alikisahau kwenye begi la mkononi, na sasa anaogopa kwenda ukweni.

Pole. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, akaanza kuwapelekea askari wa Uswisi visu mwaka 1891, na kile cha maofisa, chenye kizibuo, kikaja mwaka 1897. Sifa zote hizo hazipiti kwenye mashine ya ukaguzi. Mwaka 2013 wakaguzi wa Marekani walitangaza kuruhusu visu vidogo ndani ya ndege, lakini wahudumu wa ndege walipinga kwa nguvu hata mpango ukafutwa mwaka huohuo. Safari ijayo kisu kiingie kwenye begi linalokabidhiwa kaunta. Akikumbuka amechelewa, amkabidhi aliyemsindikiza. Baba mkwe aambiwe ukweli mapema, kabla hajaomba kukiazima.

Bwana Harusi Mtarajiwa, Tanga, amerithi Okapi ya babu yake. Aliifungua mezani kwa wakwe watarajiwa ili akate embe, ikalia krr-krr-krr, na mazungumzo yakakatika.

Okapi zilianza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Kijerumani barani Afrika; siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Mlio huo hutokana na meno ya kufuli, na pete ndogo ya mgongoni huvutwa ili kisu kikunjike. Kijana akivuta pete hiyo huku anafungua polepole kwa mkono wa pili, meno hayatalia. Hata hivyo Shangazi anamshauri aombe ruhusa kwanza, akishakubaliwa ageuke pembeni, akifungue, akioshe mbele ya macho ya mama mkwe, kisha akate. Mzee akikihitaji, apewe upande wa mpini.

Na wakimwambia afungue dafu, aombe panga.