Hayakuhusu Anaumwa

Mbwa wangu anaitwa Hayakuhusu. Jina hilo nilimpa kwa ajili ya majirani, maana hapa Nanyamba ukinunua hata kiberiti, mtaa mzima unataka kujua unakwenda kuwasha nini. Nikadhani nimewakomesha.

Sikuwa na mapenzi na mbwa. Nilimchukua kwa sababu ya ngedere, wanaokula mahindi yangu huku wananitazama usoni. Bahati mbaya, ngedere nao hawamhusu. Kazi aliyojichagulia ni ukaguzi wa nyumba: anaonja kila kitu, halafu sisi tunasubiri majibu. Ndipo nilipogundua kwamba miaka yote hii nalala ghalani mwa sumu. Ikifika mwezi wa sita, mfuko wa salfa unakaa uvunguni, kwa sababu ukilala nje hutaukuta, na bila kupulizia, ubwiriunga utamaliza maua ya mikorosho. Pembeni yake ipo dawa ya wadudu, ndani ya chupa iliyokuwa ya soda. Nyuma ya mtungi, mama watoto katega sumu ya panya kwenye kipande cha samaki mkavu. Samaki mkavu! Mimi siku hiyo nilikula ugali kwa mlenda. Nilipolalamika akanijibu, "Baba Zuhura, ungekuwa panya ungekaribishwa."

Bwana mifugo alikwisha kutuonya kuhusu sumu za panya. Nyingi huzuia damu isigande, na mbwa anaweza kucheza siku mbili tatu kama hana tatizo, kumbe anavuja damu kwa ndani. Tiba yake ni vitamini K, na ukisubiri dalili umechelewa. Sasa chambo kinakaa ndani ya kopo lenye tundu la saizi ya panya. Panya wanalizunguka.

Korosho mbichi nayo kaionja. Ganda lina mafuta yanayobabua. Wabanguaji hujipaka majivu au mafuta mikononi kwanza, mbwa ajipake nini? Midomo ilimvimba, akashinda siku mbili kama mtu aliyenyimwa malipo ya pili ya korosho.

Lakini kubwa ni la Novemba, mabibo yalipojaa kila mahali. Jioni nikamkuta uani anayumba. Miguu ya mbele inakwenda Tandahimba, ya nyuma inarudi Mtwara mjini. Akaanguka, akatapika. Nikampigia bwana mifugo.

"Nani anaumwa, mzee?"

"Hayakuhusu."

Kimya.

"Sasa umenipigia simu ya nini?"

"Nakwambia Hayakuhusu ndiye anayeumwa!"

Akakata.

Majirani walikwisha kufika. Mmoja kaleta maziwa, mwingine dafu, wa tatu maji ya chumvi ili atapishwe. Kijana mmoja alikuja na panga, akatangaza kwamba hicho ni kichaa. Hapo nikakimbilia ndani kutafuta kadi ya chanjo, niliyoihifadhi pamoja na stakabadhi za korosho kwa kuwa zote mbili nasubiri zinifae siku moja. Msidhani mbwa wa kusini ni wa kudharauliwa: kuanzia mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilikuwa na mradi wa kupambana na kichaa cha mbwa huku kwetu, sambamba na KwaZulu-Natal na visiwa vya Visayas kule Ufilipino. Nikaipunga kadi juu kama mwamuzi wa mpira. Panga likashuka.

Simu ya pili nilianza na neno "mbwa". Bwana mifugo akawaka: asinyweshwe chochote! Mbwa aliyelegea akimiminiwa maziwa, yanaingia mapafuni. Chumvi ndiyo kabisa, nayo ni sumu ikizidi; na kama kala kitu kinachobabua, kumtapisha ni kumuunguza koo mara ya pili. Nimlaze ubavu, nimfunike, na nitafute alichokula, kopo au pakiti, nimtunzie alione.

Nikainama kumnusa mdomo. Jamani. Kidevu kimelowa, kwenye sharubu zimenasa nyuzi za mabibo, na harufu naijua tangu ujana wangu. Uraka.

Bwana mifugo alipofika na bodaboda hakucheka. Pombe kwa mbwa si mzaha, alisema, mwili hupoa na sukari ya damu hushuka. Akakaa naye hadi pumzi ilipotulia. Usiku huo Hayakuhusu alilala ndani ya blanketi langu. Mimi nilijifunika gunia.

Alfajiri jirani yangu wa upande wa mikorosho akabisha hodi, ndoo mkononi. Ndoo tupu, yenye machicha chini. Nikajua amekuja kutoa pole.

"Mbwa wako kaninajisia chombo," akasema. "Unaijua sheria. Kioshwe mara saba, moja kwa udongo."

Nikamuuliza ndoo ilikuwa na nini.

"Hayakuhusu," akanijibu, na mbwa akanyanyua kichwa.