Wingu la Ngorongoro Lisilaumiwe

Kila anayeteremka kreta ya Ngorongoro na kamera mapajani huanza kwa kuliombea wingu liondoke. Ukingoni, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, ukungu wa asubuhi za Julai hulala barabarani mpaka dereva awashe taa. Ukishuka mita 600 hadi chini, unakuta mbingu imefunikwa kama sufuria. Wageni wananuna, na ni kweli wingu ni kero: limemeza mandhari yote, likatuachia baridi. Hata hivyo, kwa anayetaka sura ya mnyama, sijaona taa bora kuliko hiyo.

Mtazame pundamilia saa 6 mchana, jua likiwa utosini. Mistari yake huishinda kamera. Ukipima mwanga kwa weupe, weusi unakuwa shimo. Ukipima kwa weusi, weupe unaungua. Macho nayo, ambayo ndiyo picha yenyewe, yamezama kwenye kivuli cha paji la uso. Likija wingu, mwanga wa jua unatandazwa mbingu nzima na kumfikia mnyama kutoka pande zote, na vivuli vinapoteza makali. Hapo ndipo unapoona kwamba ndani ya ule mstari mweusi kuna nywele za kahawia, na kwamba mboni imebeba anga lote, jeupe kama dirisha. Tena ardhi isipochomwa, ile hewa ya moto inayotetemeka juu ya nyasi haipandi kwa nguvu, kwa hiyo picha ya mbali haiyumbi.

Wingu lina sharti lake moja, nami nilifundishwa na nyati dume karibu na msitu wa Lerai. Alisimama hatua kama 20 kutoka njiani, tope limemkaukia puani, ndege mla kupe yuko shingoni. Nilimpiga picha kumi na zote zikaharibika, kwa sababu juu ya pembe zake palikuwa na utepe wa anga mweupe kama shuka, na jicho la mtazamaji lilikimbilia huko. Nikamwambia dereva, "Kaka, sogea mbele kidogo." Akasogea mita chache bila kuacha njia, maana kuiacha hairuhusiwi, na ukuta wa kreta ukaja nyuma ya nyati, mzito na wenye rangi ya bluu iliyofifia. Anga likatoka kwenye fremu. Nikapunguza mwanga hatua moja, kwani kamera ikiona mnyama mweusi humwongezea mwanga hadi awe rangi ya jivu. ISO ilikuwa 1600. Chengachenga kidogo si kitu; mnyama aliyetikisika hana dawa.

Usiku, kwenye kompyuta, faili la RAW hufunguka limepauka, tena lina ubluu. Wengi hukata tamaa hapo, au hufanya kosa kubwa zaidi. Mimi huanza na rangi: naipasha joto mpaka Kelvini 6,500 hivi, kahawia ya manyoya irudi. Halafu nashusha weusi kidogo, naongeza mwanga kiasi ndani ya jicho, nakata fremu nikiacha nafasi upande anaotazama. Basi. Anayezidisha ukali mpaka manyoya yawe kama waya amelirudisha jua la saa 6 kwa mlango wa nyuma. Na anayebandika machweo mekundu nyuma ya sura isiyo na kivuli ametengeneza uongo, maana ule mwanga laini usoni unamkana. Inaniuma kuona picha za namna hiyo zikishangiliwa, wakati picha halisi ilikuwa nzuri na ilihitaji kuguswa tu.

Kwa hiyo ukifika ukingoni alfajiri ukakuta weupe mtupu, usimwambie dereva ageuze gari. Mwombe ateremke, akutafutie mahali ambapo ukuta wa kreta umesimama nyuma ya mnyama, kisha azime injini.